Kidonda cha Malazi Chatoka Wapi?

Mgonjwa akilala siku nyingi bila kugeuka, ngozi yake huanza kupasuka kiunoni, nyongani au visiginoni. Watu wa nyumbani husema: «Ugonjwa umemzidi, sasa nyama yake inaoza.» Tusiwacheke. Hata waganga wakubwa wa Ulaya walipata kusema hivyo.

Mwaka 1569 Ambroise Paré, mpasuaji wa mfalme wa Ufaransa, alitumwa karibu na mji wa Mons, katika nchi iitwayo leo Ubelgiji. Alimkuta bwana mkubwa mmoja mwenye jeraha la risasi pajani. Kwa kulala chali muda mrefu, bwana yule alikuwa na kidonda kingine kikubwa matakoni. Paré hakutibu jeraha la risasi tu: aliagiza pia kitanda cha pili, laini na safi, na mto wa kukinga kidonda kisikandamizwe. Bwana yule akapona.

Lakini katika miaka ya 1870 Jean-Martin Charcot, mwalimu mashuhuri wa waganga wa Paris, alifundisha kwamba kidonda hicho huletwa na mishipa ya fahamu iliyoharibika. Basi wengi wakakata tamaa: kama kinatoka ndani, muuguzi atafanya nini? Kumbe mwenzake, Brown-Séquard, alikuwa amekwisha kuonyesha kwa wanyama waliokatwa uti wa mgongo kwamba, wasipokandamizwa wala kulowa mkojo, kidonda hakitokei.

Mwaka 1944, huko Stoke Mandeville, Uingereza, Ludwig Guttmann alianza kupokea askari waliovunjika uti wa mgongo. Zamani wagonjwa wa namna hiyo walikufa wengi kwa vidonda na kwa ugonjwa wa mkojo. Yeye aliamuru wageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku. Wengi wakaishi, wakarudi kazini.

Sababu ni hii: mfupa unakandamiza nyama juu ya kitanda, damu haipiti, na nyama isiyopata damu inakufa. Unyevu, kuburutwa na kukosa chakula kizuri huzidisha hatari. Dalili ya kwanza ni ndogo: mahali penye joto au pagumu, peusi kuliko ngozi ya kandokando. Tusipasugue, bali tumlaze mgonjwa upande mwingine. Ngozi ikifunguka, tumwite mganga upesi.

Basi, tukiwa na mzee kitandani, tugawane zamu, hata za usiku. Na kabla ya kusema kwamba ugonjwa umemzidi, tujiulize kwanza: tulimgeuza saa ngapi?