Presha na Shinikizo la Damu: Historia ya Istilahi Moja

Huko Manyamanyama, wilayani Bunda mkoani Mara, mgonjwa huweza kuwa na Kijita, Kiikizu au Kisukuma kwa lugha ya mama, lakini maradhi yake huyataja kwa neno lijulikanalo nchi nzima: presha. Yafaa tujiulize neno hilo limetoka wapi, na linamfundisha nini mwenye kulitumia.

Mwaka 1733 Stephen Hales wa Uingereza alieleza jinsi alivyounga mrija wa kioo kwenye mshipa wa farasi jike, damu ikapanda zaidi ya futi 8. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Italia alitoa kipimo cha zebaki kifungwacho mkononi. Na mwaka 1905 Nikolai Korotkov wa Urusi akaonyesha namna ya kusikiliza mapigo kwa kipimo hicho. Kipimo kilipoingia katika zahanati zetu, kilikuja na jina lake la Kiingereza, nalo likatoholewa. Istilahi iliyokubalika katika maandishi rasmi ni shinikizo la damu, kutokana na kitenzi shinikiza. Fizikia nayo ina kanieneo, yaani kani na eneo.

Tofauti hii si pambo. Kila aliye hai ana shinikizo la damu. Ugonjwa ni shinikizo la juu, yaani 140 kwa 90 au zaidi, likipimwa zaidi ya mara moja. Asemaye "presha imepanda" aweza kudhani imeshuka siku asipoumwa kichwa, akaacha vidonge. Kumbe ugonjwa huu mara nyingi hauna dalili, na dawa yake humezwa kila siku kama ilivyoagizwa, hata vipimo vikiwa vizuri.

Maelezo ya kuhifadhi dawa yanataka uangalifu uo huo. Mfasiri akiandika "mahali pa baridi" tu, msomaji aweza kuziweka kando ya mtungi wa maji, penye unyevu. Ni heri aandike: pakavu, pasipo jua, joto lisizidi nyuzi zilizotajwa kwenye pakiti, vidonge vibaki katika pakiti yake, na watoto wasiweze kuvifikia.

Hatusemi presha lifutwe, kwani ndilo mlango wa mazungumzo. Lakini mwalimu na mfasiri wakishaingia kwa mlango huo, hawana budi kutamka istilahi kamili: shinikizo la juu la damu. Neno "juu" likiachwa, ugonjwa wenyewe umeachwa.