Tabia, Sifa na Mwenendo: Kupimwa kwa Msimamizi wa Baa Hati Yake Inapohuishwa

Sheria za vileo zilizochipuka Uingereza na kuenea katika makoloni yake zimebeba swali moja la kale: mtu aombaye ruhusa ya kuuza vileo, au ya kusimamia nyumba vinamouzwa, ni mtu wa namna gani? Anapoomba mara ya kwanza wakubwa hawana la kutegemea ila maneno ya wengine. Lakini anaporudi kuomba hati yake ihuishwe, tayari amekwisha kufanya kazi hiyo kwa mwaka au zaidi, na matendo yake yamo machoni pa watu. Hapo ndipo swali huwa zito, maana chakula cha mtu kimo hatarini, na kipimo atakachopimiwa hakikuwa kimoja nyakati zote.

Kiswahili kina maneno matatu ambayo mfasiri wa sheria hizo hana budi kuyatenga. Tabia ni neno litokalo katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupiga mhuri. La ajabu ni kwamba neno la Kiingereza lenye maana hiyo nalo lilitoka katika Kiyunani, na huko lilikuwa jina la alama iliyochongwa au kupigwa chapa. Lugha mbili zisizo na nasaba moja zimemwona mwanadamu kama kitu kilichotiwa alama isiyofutika. Sifa ni habari nyingine: hukaa vinywani mwa watu, wala haikai ndani ya mtu mwenyewe. Mwenendo nao umetokana na kwenda, nao ni jinsi mtu apitavyo katika siku zake. Sheria hutaja la kwanza, lakini kwa muda mrefu ilipima la pili, na ni polepole mno ilipofikia la tatu.

Sheria ya mwaka 1552 haikuchunguza moyo wa mtu hata kidogo. Iliwapa mahakimu wa amani wawili uwezo wa kuruhusu kilabu cha pombe, nao wakamtaka mwenye kilabu aweke dhamana, pamoja na wadhamini, kwamba nyumba yake itakuwa na utaratibu na haitachezwa michezo iliyokatazwa. Akivunja ahadi, fedha hudaiwa. Kilichompima mtu kilikuwa mfuko wake na mifuko ya jirani zake.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1753. Tangu hapo mwombaji alitakiwa kuleta cheti kilichotiwa saini na kasisi wa mtaa pamoja na wengi wa wazee wa kanisa na wasimamizi wa maskini, au badala yao wenye nyumba watatu au wanne walioheshimika, kushuhudia kwamba ana jina jema na maisha ya kiasi. Katika maneno ya cheti hicho lilikuwamo neno la Kiingereza ambalo leo humaanisha mazungumzo, lakini katika karne hiyo lilikuwa na maana ya mwenendo. Mfasiri asiyejua historia ya neno hilo angemsifu muuza pombe kwa kuzungumza vizuri!

Jambo lililo muhimu zaidi katika sheria hiyo ni dogo na hupitwa kwa urahisi. Cheti kilitakiwa kwa yule tu ambaye hakuwa na leseni mwaka uliotangulia. Aliyekuwa nayo hakuhitaji kuombewa ushahidi mpya. Basi sifa ilikuwa mlango wa kuingilia, na aliyekwisha kuingia alidhaniwa kuwa ni yule yule. Mhuri ulikwisha kupigwa.

Sheria ya mwaka 1828 iliondoa zile dhamana, ikawaachia mahakimu waamue kwa hiari yao ni nani anayefaa. Miaka miwili baadaye Bunge likageuka: mwaka 1830 mlipa kodi ye yote aliweza kupata leseni ya bia kwa maofisa wa ushuru kwa gini mbili, bila ya kupita kwa hakimu. Haikuchukua muda watu wakajuta. Mwaka 1834 kikarudi cheti cha tabia njema, safari hii chenye saini za walipa kodi sita wa mtaa, kwa wale waliouza bia ya kunywewa papo hapo. Na mwaka 1869 nyumba hizo zikarudishwa chini ya mahakimu.

Je, kuhuisha ni haki au ni ombi jipya? Kesi ya Sharp na Wakefield ilijibu mwaka 1891. Nyumba ya wageni ya Kentmere, huko Westmorland, ilikuwa imenyimwa leseni kwa kuwa ilikuwa mbali na macho ya polisi na kwa kuwa mahitaji ya mahali pale hayakuidai; tabia ya mwenye nyumba haikuwa hoja. Baraza la Malodi lilithibitisha kwamba leseni ni ya mwaka mmoja, na kwamba mahakimu wana hiari katika kuihuisha kama walivyo nayo katika kuitoa. Kelele za wenye mali zikasababisha sheria ya mwaka 1904, iliyowapa fidia walionyimwa kwa sababu zisizowahusu wao wenyewe. Aliyenyimwa kwa kuendesha nyumba vibaya, au kwa kutofaa yeye mwenyewe, hakupata kitu. Kwa mara ya kwanza tofauti ya mtu na mahali pake ilihesabiwa kwa fedha.

Mfano ulio wazi zaidi wa siku hizi watoka Nyuzilandi. Sheria ya mwaka 1989 iliweka huko hati ya msimamizi, iliyo mbali na leseni ya nyumba, na sheria ya mwaka 2012 ikaiendeleza: wakati wo wote vileo vinapouzwa lazima awepo msimamizi mwenye hati. Hati ya kwanza hudumu mwaka 1. Ikihuishwa hudumu miaka 3. Polisi na mkaguzi hupata nafasi ya kutoa taarifa zao juu ya mwombaji.

Ukilinganisha vipimo vya mwombaji mpya na vya anayehuisha, utaona kazi ya mtungaji sheria makini. Mpya huulizwa hukumu zo zote za makosa alizopata, uzoefu wake na mafunzo yake. Anayehuisha huulizwa hukumu alizopata tangu hati ilipotolewa au ilipohuishwa mara ya mwisho, na jinsi alivyosimamia uuzaji kwa nia ya kupunguza madhara ya vileo. Hayo ni mwenendo mtupu. Hata hivyo, katika orodha zote mbili neno la kwanza ni kufaa, na neno hilo halina mipaka. Kwa Kiswahili mtu hafai hivi hivi, bali hufaa kwa jambo fulani. Kiingereza cha sheria hakimlazimishi msemaji kulitaja jambo hilo, na katika ukimya huo tabia na sifa hurudi kwa mlango wa nyuma.

Uamuzi mmoja wa mamlaka ya leseni ya nchi hiyo, wa mwaka 1995, ulijaribu kuweka kipimo cha miaka: kwa kawaida 5 bila ya hukumu nzito au ihusuyo ulevi, na 2 kwa kosa moja la pekee la kuendesha gari baada ya kunywa. Alama ya mhuri ikapewa muda wa kufutika. Lakini muda huo haulingani na ule wa hati. Msimamizi aliyehukumiwa kwa kosa hilo la barabarani mwanzoni mwa miaka yake 3 huenda akafika siku ya kuhuisha miaka 2 imekwisha kupita. Mwenzake aliyekosa vivyo hivyo katika mwezi wa mwisho hufika nalo mkononi, isipokuwa polisi au mkaguzi wawe wamekwisha kuomba hati ya yule wa kwanza isimamishwe au ifutwe kabla ya siku yake.