Numerical Machining Complex

Numerical Machining Complex, kwa kifupi NMC, ni kampuni ya serikali ya Kenya inayosubu na kuchonga vipuri vya chuma. Iko ndani ya Karakana Kuu ya Shirika la Reli jijini Nairobi, pale Eastlands inapopakana na eneo la viwanda. Muthurwa na Makongeni, mitaa iliyojengewa wafanyakazi wa reli, si mbali na hapo.

Asili yake ni gari. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi, aliyekuwa pia mkuu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwataka wahandisi wa chuo hicho waunde gari la Kikenya, hata likiwa si zuri wala si la kasi. Chuo kilikuwa na hesabu na michoro, lakini hakikuwa na tanuri la kusubia injini. Karakana ya reli ilikuwa na mafundi waliozoea chuma kizito, na magari matano yaliyopatikana, Nyayo Pioneer, yalitokana na ushirikiano huo. Yalizinduliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani tarehe 27 Februari 1990, yakiwa na uwezo wa kwenda kilomita 120 kwa saa.

Ugumu wa kazi yenyewe haujulikani vya kutosha. Bloku ya injini husubiwa kwenye kalibu ya mchanga iliyopigwa kwa kielezo cha mbao. Chuma cha kusubu kikipoa husinyaa kwa takriban asilimia 1, kwa hiyo kielezo cha bloku yenye urefu wa milimita 400 hurefushwa kama milimita 4. Mchanga ukiwa na unyevu mwingi, mvuke huacha matundu ndani ya chuma. Asilimia ile imo vitabuni, lakini unyevu fundi huupima kwa kufinya mchanga kiganjani. Mhandisi kijana asiyesimama kando ya fundi huyo hubaki na nusu ya elimu yake.

Wengi hulitaja gari la Nyayo kama aibu ya taifa. Hukumu hiyo ni ya uonevu. Kilichokwama ni uzalishaji: kuunda magari matano ni jambo moja, kuunda maelfu kunahitaji mtaji, wauzaji wa vipuri na wanunuzi, na fedha hazikupatikana. Nyayo Motor Corporation, iliyoundwa kuyatengeneza kwa wingi, ikaishia kuwa NMC.

Jina jipya linatokana na mashine za kukereza na kuchonga zinazoongozwa kwa kompyuta. Kiwanda kikivunjikiwa na gia ya mashine kuukuu isiyotengenezwa tena ng'ambo, meno yaliyosalia hupimwa, mchoro ukaandaliwa, na gia nyingine ikachongwa hapa Nairobi. Kazi ya namna hii haina sherehe ya uwanjani, lakini ndiyo somo ambalo mwanafunzi wa uhandisi hawezi kulipata darasani, kwa sababu gia ikikosewa, kiwanda cha mteja kinaendelea kusimama.