Waafrika Watatu na Moto wa Jehanamu: Historia ya Fundisho Moja Butembo na Beni

Masimulizi mengi juu ya jehanamu katika nchi zetu huanza na mmisionari wa Kizungu aliyefika na Biblia mkononi, akawatisha wenyeji kwa moto. Kwa Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, masimulizi hayo yana ukweli wake, na nitayafikia. Ila yanaanzia katikati. Hoja zote tatu ambazo Wakristo wanabishania hadi leo kuhusu mwisho wa waovu ziliandikwa na Waafrika, zaidi ya miaka 1,400 kabla ya padri yeyote kuonekana katika bonde la Semliki. Mbili kati ya hizo zimekuja kukutana Kivu ya Kaskazini, kila moja baada ya kuzunguka ng'ambo karne nyingi.

Wa kwanza ni Origen wa Aleksandria, Misri, aliyezaliwa yapata mwaka 185. Kwake moto wa Mungu ulikuwa wa kusafisha, na alitumaini kwamba mwishowe viumbe wote watarudishwa kwa Muumba wao. Alikufa yapata mwaka 253, mwili wake ukiwa umevunjwa na mateso ya utawala wa Kaisari Decius, na mwaka 543 Kaisari Justinian, Mkristo mwenzake, akayalaani mafundisho yake. Wa pili ni Arnobius wa Sicca, mji ambao leo unaitwa El Kef, Tunisia. Yeye aliandika, yapata mwaka 300, kwamba roho ya mwovu hutupwa motoni ikateketea hadi isiwepo tena. Arnobius hakupata wafuasi wengi, na vitabu vya historia ya Kanisa humtaja kwa mstari mmoja kisha vikampita.

Wa tatu ni Augustino, askofu wa Hippo, yaani Annaba ya leo katika Algeria. Huyu ndiye aliyeshinda. Alianza kuandika Mji wa Mungu baada ya Roma kutekwa mwaka 410, akaumaliza yapata mwaka 426, na kitabu cha 21 chote ni juu ya adhabu ya waovu. Wapinzani wake humo ni Wakristo wenzake, watu wenye huruma waliosema kwamba Mungu hawezi kumchoma kiumbe wake bila kikomo. Akawarudisha kwenye Mathayo 25:46, ambapo uzima wa wenye haki na adhabu ya waovu vyote vimeitwa vya milele kwa neno lilelile. Ukifupisha kimoja, alisema, umekifupisha na cha pili. Na waliouliza mwili utawezaje kuungua bila kuisha aliwaelekeza kwenye milima ya moto ya Sicilia, inayowaka miaka nenda rudi na bado imesimama. Hoja hiyo hakuibuni yeye; Tertullian wa Karthago alikuwa ameitumia karne mbili kabla yake.

Msomaji wa Kivu hahitaji kwenda Sicilia. Nyiragongo, mlima wa mita 3,470 unaoitazama Goma, ulimwaga moto wake mwaka 1977, tena 2002, na tena Mei 2021. Watu walioishi chini yake waliufikiria zamani kama Augustino alivyoifikiria milima yake. Katika ibada ya Ryangombe, iliyoenea Rwanda na sehemu za Kivu zinazopakana nayo, waliopitia kubandwa, yaani kuingizwa katika ibada hiyo, walitazamiwa kupumzika pamoja naye juu ya milima iliyotulia, na wasiopitia waliangukia kwenye shimo la Nyiragongo. Kwa hiyo wazo la shimo la moto linalowangoja wafu lilikuwepo mkoani kabla ya msalaba.

Lakini halikuwa wazo la Wanande wa Butembo na Beni. Wao walimjua Nyamuhanga, Muumba, na mlima wao mkuu ni Rwenzori, wenye theluji; Wakonzo, ndugu zao wa upande wa Uganda, humweka Kitasamba huko juu kwenye baridi. Wafu wa ukoo hawakupelekwa mbali. Walibaki karibu na walio hai, wakiheshimiwa na kuogopwa, wakiwa na haki ya kukumbukwa. Mahali ambapo babu yuko jirani hivyo, fundisho la moto wa milele haliwi habari ya waovu wasiojulikana. Linamgusa babu mwenyewe.

Neno jehanamu nalo lilikuwa njiani tayari, midomoni mwa Waungwana na wafanyabiashara Waislamu wa pembe za ndovu. Misafara yao kutoka Manyema ilikuwa imeingia msitu wa Ituri Stanley alipoupita mwaka 1887. Asili ya mbali ya neno hilo ni bonde la Hinomu, nje kidogo ya kuta za Yerusalemu, ambako nabii Yeremia anasema watoto walichomwa kuwa sadaka.

Mwaka 1929 wakafika Waasumpsionisti, mapadri kutoka Ubelgiji na Uholanzi. Jina lao kamili ni Waagustino wa Kupalizwa Mbinguni, na utawa wao hufuata kanuni ya Augustino, yuleyule wa Hippo. Nashangaa jambo hili halitajwi mara nyingi. Mwafrika wa Annaba aliingia Beni miaka 1,499 baada ya kifo chake, akiwa ndani ya kanzu za Wazungu, na hakuna aliyemtambua kuwa ni mwenyeji wa bara. Mwenzao Henri Piérard aliongoza vikariati ya Beni tangu 1938, akawa askofu wake wa kwanza jimbo lilipoundwa mwaka 1959. Mwaka 1967 likaitwa jimbo la Butembo-Beni.

Katekisimu waliyofundisha ilikuwa na moto wa milele, bila shaka. Ilikuwa pia na toharani, na nadhani toharani ndiyo iliyolifanya fundisho lote livumilike kwa Wanande. Mkatoliki aliyefiwa na baba asiyeshika dini sana hakulazimika kumwona jehanamu. Alitoa sadaka ya misa, akamwombea, na uhusiano wa ukoo na marehemu ukaendelea kwa lugha nyingine. Jehanamu ilihubiriwa kwa nguvu, lakini kwa jamaa wa mtu haikutumika sana. Mwenye kwenda huko mara zote alikuwa mtu wa boma jingine.

Waprotestanti hawakuacha mlango huo wazi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Charles Hurlburt, kiongozi wa zamani wa Africa Inland Mission, na watu wake walianza misheni mpya Kivu, na Katwa, kando ya Butembo, ikawa kituo chao kikubwa. Mwaka 1946 kazi hiyo ilichukuliwa na Wabaptisti wa Marekani, na kanisa lililozaliwa humo leo linaitwa CBCA. Misheni za aina hiyo zilisukumwa na hesabu moja: kila siku watu wanakufa bila Kristo, na anayekufa bila Kristo anaingia motoni. Ndiyo sababu walikubali malaria na makaburi ya watoto wao. Hesabu hiyo ilizaa shule na hospitali ya Katwa, na mkazi wa Butembo aliyezaliwa au kutibiwa pale ana deni kwayo, hata asipoikubali. Lakini toharani haikuwemo, wala misa ya wafu. Swali la mababu waliokufa kabla ya 1929 lilibaki bila jibu la kufariji.

Swali hilo lilikuwa limeshachangia kumtia matatani askofu mmoja barani. John William Colenso, Mwanglikana wa Natal, alichapisha mwaka 1861 ufafanuzi wa Waraka kwa Warumi, akakataa kwamba watu wasioisikia Injili wanachomwa bila mwisho. Kazi yake kati ya Wazulu ilimfanya aone fundisho hilo halitamkiki mbele ya watu waliowapenda wazazi wao. Mwaka 1863 mkuu wake wa Cape Town alitangaza kumwondoa cheoni. Baada ya hapo misheni nyingi zilijua gharama ya kulegeza.

Arnobius naye alipata kurudi, kwa njia ya Marekani. Mwaka 1842 George Storrs, mhubiri aliyetoka kwa Wamethodisti, alichapisha hotuba zake za kukanusha kwamba roho haifi kwa asili. Hoja yake iliingia kwa Waadventista, waliojiunda rasmi Battle Creek mwaka 1863, na baadaye kwa Charles Taze Russell, ambaye vitabu vyake vilianzisha kundi linaloitwa leo Mashahidi wa Yehova. Makundi yote mawili yanafundisha kwamba aliyekufa hajui lolote, na kwamba mwovu mwishowe huangamizwa.

Mkondo wa Russell uliingia Kongo ukiwa umegeuka. Kitawala, ambayo jina lake limetokana na Watch Tower, ilijali zaidi mwisho wa utawala wa Wazungu kuliko hali ya wafu. Mwaka 1944 kiongozi wake mmoja, Bushiri, aliwaongoza wafuasi wake kuasi Masisi na Lubutu, na Wabelgiji wakazima uasi huo kwa risasi. Serikali ikawachanganya Mashahidi na Kitawala kwa miaka mingi: walitambuliwa mwaka 1980, Mobutu akawapiga marufuku 1986, na Mahakama Kuu ikaifuta amri yake mwaka 1993. Waadventista walikwenda polepole na kwa shule. Lukanga, katika eneo la Lubero si mbali na Butembo, wana chuo kikuu chao, UNILUK. Butembo mjini kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989. Kijana wa ukoo mmoja husoma Lukanga na dada yake Graben, na wakikutana matangani kila mmoja ana elimu tofauti juu ya mahali alipo marehemu.

Nani kati yao anayo Biblia upande wake? Anayesema maandiko yako wazi kabisa amechagua kurasa za kusoma. Augustino ana Mathayo 25, ana Ufunuo 14 na moshi wa mateso usiokoma, ana funza asiyekufa wa Marko 9. Lukanga wana Mathayo 10:28, ambapo Yesu anamtaja Mungu kuwa awezaye kuangamiza mwili na roho pia; wana Malaki anayewafanya waovu kuwa majivu; wana Yuda aliyeiita adhabu ya Sodoma moto wa milele, ilhali Sodoma haiungui leo. Na yule funza wa Marko, ukimfuata hadi Isaya 66 alikotoka, utamkuta anakula maiti, si watu walio hai. Tajiri wa Luka 16 hasaidii upande wowote sana, kwa sababu anateswa kabla ya siku ya hukumu, katika mfano ambao Lazaro anakaa kifuani mwa Ibrahimu. Ziwa la moto la Ufunuo 20 linameza mauti na kuzimu, vitu visivyo na nyama ya kuungua, na hapo mwandishi anaonekana wazi kusema kwa picha.

Maoni yangu ni kwamba Biblia inafundisha hukumu bila kigugumizi, na moto ni lugha yake kuu ya hukumu hiyo. Kuhusu muda wa moto, waandishi wake hawasemi kwa sauti moja, na Augustino alishinda zaidi kwa ukali wa akili yake kuliko kwa wingi wa aya. Wengine wenye uzito wamesogea. John Stott, mhubiri wa Kiinjili aliyesomwa sana Afrika Mashariki, alikiri mwaka 1988 kwamba anaelemea upande wa kuangamia. Katekisimu ya Kikatoliki ya 1992 imeshika umilele wa jehanamu lakini imesema adhabu yake kuu ni kutengwa na Mungu, na Julai 1999 Yohane Paulo II alifundisha kwamba ni hali ya mtu aliyejitenga na Mungu kuliko mahali.

Hata hivyo, jehanamu ya Kivu imepata kazi ambayo Roma na London hawakuipanga. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wamechinjwa mashambani na vitandani, wengi kwa mikono ya waasi wa ADF. Tarehe 15 Januari 2023 bomu liliua waumini waliokusanyika kwa ubatizo katika kanisa la Kipentekoste Kasindi. Wauaji wengi hawajafikishwa mbele ya hakimu yeyote. Anayemwambia mfiwa wa Beni kwamba muuaji atalala tu usingizi wa kutoamka lazima aeleze haki iko wapi. Waadventista wanalo jibu: muuaji atafufuliwa kwanza, ahukumiwe, kisha aangamie. Wanapaswa kulihubiri kwa nguvu zaidi kuliko ile sehemu ya usingizi.

Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wa Butembo-Beni kwa zaidi ya miaka 30 kisha askofu mkuu wa Bukavu, alichukua njia nyingine. Barua yake ya Krismasi ya 1999 kutoka Bukavu iliwataja walio hai: majeshi ya kigeni na wenyeji walioshirikiana nayo katika uporaji. Februari 2000 waasi wa RCD walimfukuza hadi Butembo, na alikufa Roma tarehe 4 Oktoba mwaka uleule, wiki chache baada ya kuruhusiwa kurudi Bukavu. Waliomfukuza walielewa kwamba hukumu inayotajwa hapa duniani ni ya hatari kuliko ile ya ahera.

Madaftari ya makatekista wa kwanza na hotuba za wachungaji wa kwanza wa Katwa yamo bado katika masanduku ya familia, mengine katika vijiji vinavyoweza kuchomwa wakati wowote. Wazee waliofundishwa ubatizo kabla ya 1960 ni wachache na wanapungua. Wenye karatasi hizo wazipeleke maktaba za Graben na Lukanga zipigwe picha, na wanafunzi wa vyuo hivyo viwili wakae na wazee hao mwaka huu, wawaulize walijibu nini walipoambiwa mara ya kwanza kwamba babu zao wanaungua.