Profesa Paul Talalay na Utafiti wa Kinga ya Mwili Dhidi ya Kemikali za Saratani

Profesa Paul Talalay (1923–2019) alikuwa mtaalamu wa famakolojia aliyechunguza kwa miongo kadhaa namna mwili unavyojilinda dhidi ya kemikali zinazosababisha saratani. Alizaliwa Berlin, Ujerumani, katika familia iliyoikimbia nchi hiyo baada ya Wanazi kutwaa madaraka. Aliingia Marekani mwaka 1940, akahitimu shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1948, na mwaka 1963 akakabidhiwa idara ya famakolojia ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore.

Kemikali nyingi za saratani huwa hazijawa hatari kamili zinapoingia mwilini. Vimeng'enya vya kundi la kwanza, hasa katika ini, huzibadili, na hapo ndipo zinapoweza kushikamana na vinasaba na kuviharibu. Vimeng'enya vya kundi la pili huzidaka na kuziunganisha na viambata vinavyoyeyuka katika maji ili zitolewe nje. Talalay na wenzake walibaini kuwa panya waliolishwa BHA, kihifadhi cha kawaida cha vyakula, walikuwa na vimeng'enya vingi zaidi vya kundi la pili. Basi ulinzi huo unaweza kuamshwa kwa kile kinacholiwa. Wakati ambapo juhudi nyingi zilielekezwa kwenye dawa za kuua uvimbe uliokwisha kuota, huo ulikuwa mwelekeo wa kijasiri.

Maabara yake ikaanza kupima dondoo za mboga kwenye seli za ini la panya. Mwaka 1992 ilitangaza kuwa imetenga sulforafani kutoka kwenye brokoli. Mwaka 1997 ikaonesha kuwa machipukizi ya brokoli ya siku 3 yana kitangulizi cha kiambata hicho kwa wingi wa mara 10 hadi 100 kuliko mmea uliokomaa. Sulforafani yenyewe huundwa mboga inapokatwa au kutafunwa, kwa msaada wa kimeng'enya cha mmea ambacho huharibiwa kwa kuchemshwa sana. Kabichi na sukumawiki ni za jamii moja na brokoli, ingawa kiasi na aina ya viambata hutofautiana.

Majaribio kwa binadamu yalifanyika Qidong, China, ambako saratani ya ini ilikuwa imekithiri kutokana na homa ya ini aina ya B na mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2003 watu 200 walihusishwa katika jaribio la kinywaji cha machipukizi hayo kwa wiki 2. Kwa ujumla, makundi mawili hayakutofautiana katika dalili za sumukuvu kwenye mkojo. Hata hivyo, waliofyonza sulforafani zaidi walikuwa na uharibifu mdogo. Katika jaribio la baadaye la wiki 12 lililohusisha watu 291, utoaji wa benzeni, kemikali ya hewa chafu, uliongezeka kwa asilimia 61. Matokeo hayo hayathibitishi kuwa brokoli huzuia saratani kwa binadamu, wala si tiba kwa mgonjwa.

Ikumbukwe pia kuwa vifo vya saratani ya ini Qidong vilipungua sana baada ya wakazi kuacha mahindi na kula mchele zaidi kuanzia miaka ya 1980. Kuiondoa sumu kwenye chakula kulitangulia mboga yoyote.

Jambo hilo linaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 nchini Kenya kati ya wagonjwa 317, na mwaka 2016 watu 20 walifariki Tanzania kati ya wagonjwa 68, katika mikoa ya kati. Hayo ni madhara ya ghafla. Saratani huja baada ya miaka mingi ya kula kiasi kidogo kidogo. Mahindi na karanga vikaushwe vizuri juu ya turubai na si juu ya udongo, vihifadhiwe pakavu, na punje zilizoota ukungu ziondolewe. Kupika hakuiondoi sumukuvu.