Michoro ya Kolo: nani anajua inasema nini?

Mara iliyopita wenzetu wa Gitega walituandikia juu ya Vallon-Pont-d'Arc, kijiji cha Ufaransa karibu na korongo la mto Ardèche, ambako mwaka 1994 lilipatikana pango la Chauvet lenye michoro ya simba na vifaru. Nilifurahi kusoma. Lakini sisi wa Muyinga, Tanzania iko hapa tu mlangoni, basi leo nawapeleka Kolo, wilaya ya Kondoa, kaskazini ya Dodoma.

Kule ni miamba mikubwa iliyoinama kwenye mteremko wa Bonde la Ufa. Watu wa kale walijikinga mvua chini yake, wakachora. Sehemu zenye michoro zinapita 150. Ile myekundu ni ya wawindaji, ya zamani zaidi. Myeupe ilikuja nyuma. UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ila wenyeji hawakungoja UNESCO: mpaka leo wanakwenda Mungomi wa Kolo kuomba mvua na kutibu wagonjwa.

Sasa kuna mchoro mmoja unaonisumbua. Watu watano, wembamba kama vijiti. Wa katikati anaonekana ni mwanamke. Wawili wanamshika upande huu, wawili upande ule. Mary Leakey, aliyenakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, aliona mwanamke anatekwa na ndugu zake wanamng'ang'ania. Baadaye wataalamu wengine wakaangalia ngoma za uponyaji za Wasandawe, ambao wanaishi jirani, wakasema hapana, labda huyu amezidiwa na ngoma, na wenzake wanamshikilia asianguke. Mchoro ni uleule. Aliyechora hayupo tena wa kuulizwa.

Hii ilinigusa juu mimi pia nilifanya vile. Hapa kambini mtoto mmoja alichora ukutani na makaa: wanaume wawili wanamvuta mama. Nikaandika kwenye ripoti yetu kwamba ni askari wanamkamata mama yake. Juzi ndipo nikamuuliza mwenyewe. Akanishangaa.

"Kaka, si askari. Ni baba mdogo na jirani yetu. Wanamupandisha kwenye lori tukimbie."

Ripoti ilikuwa imeshatumwa.