Tombstone: Kutoka Machimbo ya Fedha hadi Kituo cha Wasafiri

Mji wa Tombstone, ulioko kusini-mashariki mwa jimbo la Arizona nchini Marekani, siku hizi hupokea wageni wanaosafiri kwa gari-nyumba, yaani gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, ambalo likifika kituoni huunganishwa na umeme, maji na bomba la majitaka, na wenyewe wakalala humo kabla ya kuendelea na safari. Hata hivyo, mji huo haukujengwa kwa ajili ya wapita njia. Masimulizi yanaeleza kwamba mwaka 1877, mtafuta madini Ed Schieffelin alipoingia katika vilima vya eneo hilo, vilivyokuwa nchi ya Waapache wa Chiricahua, alionywa kuwa jiwe pekee atakaloliona huko ni la kaburi lake, naye alipogundua madini ya fedha akayaita kwa jina hilo hilo, kwani Tombstone maana yake ni jiwe la kaburi.

Viwanja vya mji vilipimwa mwaka 1879, na miaka miwili baadaye machimbo yalifika kwenye maji, takriban mita 160 chini ya ardhi. Chini kulikuwa na mafuriko, ilhali juu watu walikosa maji ya kunywa na ya kuzimia moto, na kwa hiyo mioto ya mwaka 1881 na 1882 iliteketeza sehemu kubwa ya maduka. Pampu za mvuke zilizokuwa zikiyakausha machimbo nazo ziliungua mwaka 1886, bei ya fedha ikashuka, na wachimbaji wakahama. Mwaka 1929 wapigakura waliamua kuyahamisha makao makuu ya wilaya kutoka Tombstone hadi Bisbee, mji wa shaba.

Mwaka huo huo Tombstone iliadhimisha miaka 50 kwa sherehe iliyoitwa Helldorado, na hapo ndipo mji ulipoanza kuyauza yaliyopita. Bidhaa kuu ilikuwa mapigano ya bunduki ya tarehe 26 Oktoba 1881 kati ya ndugu wa ukoo wa Earp, waliosimamia sheria, wakiwa na rafiki yao Doc Holliday, na kundi la wachunga ng'ombe: yalichukua takriban sekunde 30, yaliua watu watatu, na wala hayakutokea ndani ya zizi la farasi linalotajwa sana, bali katika kiwanja chembamba kilichokuwa jirani. Sekunde hizo, ambazo huigizwa mbele ya watalii, zimeifunika mno taabu ya wachimbaji na unyang'anyi waliofanyiwa Waapache, na huo ni upungufu mkubwa katika kumbukumbu ya mji.

Tukirudi kwenye shida ya maji, mwaka 1882 kampuni moja ililaza bomba la chuma kutoka milima ya Huachuca, zaidi ya kilomita 30, ili kuuokoa mji na kiu. Mfumo huo ungali unailetea Tombstone maji hadi leo.